Samaki wa Mapambo Naye Ana Kwao

Ukiingia katika duka la samaki wa mapambo, Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, utawasikia wanunuzi wakiuliza bei, kisha wakiuliza kama yule mwekundu atapatana na yule mwenye mistari. Mwongozo huu unakuomba uanze na swali jingine: huyu kwao ni wapi? Ukilipata jibu, umepata karibu yote unayoyahitaji. Utajua anataka maji ya namna gani na joto kiasi gani, anakula nini, anakua hadi wapi, ataishi miaka mingapi. Utajua pia pesa yako inakwenda kufanya nini kwenye ziwa, mto au mwamba alikotolewa. Watu huzungumza habari za matunzo mbali na habari za biashara, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Samaki aliyekufa wiki ya pili kwa maji mabaya humrudisha mnunuzi dukani, duka huagiza mwingine, na mvuvi wa mbali huko huingia tena majini.

Wageni wa dukani

Samaki-dhahabu ndiye anayeumia kuliko wote, kwa sababu watu huamini anaweza kuishi popote. Wachina walianza kumzalisha zaidi ya miaka 1,000 iliyopita kutokana na samaki wa mabwawa asiye na rangi ya kuvutia. Katika enzi ya Song, kati ya mwaka 960 na 1279, tayari alikuwa pambo la bustani, na Ulaya alifika katika karne ya 17. Leo huzalishwa mashambani, hivyo kumnunua hakupunguzi kitu mtoni. Shida yake ni bakuli. Samaki huyu hukua kufikia sentimita 20 na zaidi, huishi miaka 10 hadi 15 akitunzwa, na huchafua maji kuliko wengi wa ukubwa wake. Mtengee lita 100 akiwa mmoja, au mchimbie bwawa uani. Anapenda maji ya ubaridi, nyuzijoto 18 hadi 22, kwa hiyo Nairobi, Arusha, Mbeya na Bukavu zinamfaa kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Kama unaishi pwani na nyumba yako inapata joto la Februari, mwache.

Pwani inamfaa beta, yule dume mwenye mapezi marefu. Kwao ni Thailand na nchi za jirani, kwenye mashamba ya mpunga na madimbwi yenye oksijeni kidogo, ndiyo maana ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya maji. Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa mwaka 2019. Wauzaji humweka kwenye kikombe kwa sababu hafi humo upesi, ila hukonda na mapezi yake huoza. Mpe lita 20, maji tulivu ya nyuzijoto 25 hadi 28, na dume mmoja tu, kwa kuwa wawili watararuana.

Gapi wa Trinidad na Venezuela atakuzalia watoto kila mwezi bila kuombwa. Nunua madume peke yao, isipokuwa una watu wa kuwagawia.

Neoni tetra, mdogo mwenye mstari wa bluu unaong'aa, ni wa vijito vya Amazoni, ambako maji ni laini na meusimeusi kwa majani yaliyooza. Wengi wanaouzwa wametoka mashambani. Binamu yake, kadinali tetra, ni habari tofauti, na hapa nitasimama kidogo kwa sababu wapenda mazingira wengi hulielewa jambo hili kinyume.

Kadinali huvuliwa Rio Negro nchini Brazili, hasa karibu na mji wa Barcelos. Wavuvi huingia kwa mitumbwi kwenye msitu uliofurika na kuwateka kwa nyavu za mkono. Mto ukipungua wakati wa kiangazi, sehemu kubwa ya samaki hao hunaswa kwenye vidimbwi na kufa, wavuliwe wasivuliwe. Wanazaa upesi, makazi yao ni makubwa, na kwa miongo mingi biashara hiyo imelisha familia kwa kutegemea msitu uliosimama. Mji wenyewe hufanya tamasha kila mwaka na kugawanyika timu mbili zenye majina ya samaki, kadinali na diskasi. Kuna mradi uitwao Piaba unaowatetea wavuvi hao, na hoja yake ni kwamba kununua samaki ni kulinda mti. Mashamba ya Asia yanapozalisha kadinali wa bei ndogo, mvuvi wa Barcelos hukosa soko na kutafuta riziki kwingine, na kwingine huko aghalabu ni kazi inayokata msitu.

Kwa hiyo usiridhike na jibu la kwamba samaki wa shamba ni mwema na wa porini ni mbaya. Uliza anazaa kwa kasi gani, kwao ni kwa upana gani, amevuliwa kwa chombo gani, na nani amelipwa. Kadinali anapita mtihani huo. Wengine wanashindwa, na baadhi yao ni wa kwetu.

Wa Tanganyika

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na nchi nne zinaligawana: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Ndani yake mna spishi zipatazo 250 za sikilidi, jamii ya perege na sato, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Watu wa Kigoma wanamjua vizuri kuhe, aliye mkubwa kuliko wote katika jamii hiyo, kwa sababu analiwa. Wadogo wanaokaa kwenye mawe hawana nyama ya maana, na ndio waliosafiri mbali zaidi. Mbelgiji Pierre Brichard aliendesha biashara ya kuwasafirisha kutoka Burundi katika miaka ya 1970 na 1980, na kitabu chake kikubwa kuhusu samaki wa ziwa hilo kilitoka mwaka 1989. Leo mfugaji wa Ujerumani anaweza kukutajia Kigoma, Ikola na Moba bila kutazama ramani, kwa kuwa samaki wake wanauzwa kwa majina hayo. Inaniuma kuona kijana wa Dar es Salaam akianza ufugaji bila kuambiwa kwamba wanaotamaniwa kuliko wengi duniani wako ndani ya mipaka ya nchi yake.

Kama unaanza na huna nafasi kubwa, nakushauri Neolamprologus multifasciatus. Hafiki sentimita 5, naye huishi ndani ya makombe matupu ya konokono yaliyolundikana chini ya ziwa. Tangi la urefu wa sentimita 60, lenye maji kama lita 54, linatosha kwa ukoo mzima. Weka mchanga laini wa kina cha sentimita 5 na makombe mengi kuliko samaki, yaliyochemshwa na kusuguliwa. Ya konokono wa kawaida yanafaa mradi mdomo wake una upana wa sentimita 2 au 3. Kisha waache. Watachimba, watazika kombe hili na kulifukua lile, kila mmoja atashika mpaka wake, na watoto watabaki karibu na wazazi hata wadogo zao wakizaliwa. Sijui samaki mwingine wa ukubwa huo mwenye mambo mengi kiasi hicho. Wanazaliana vizuri katika matangi, kwa hiyo huna sababu ya kununua wa ziwani.

Tropheus ni mtihani. Ni samaki wa urefu wa kama sentimita 12, mkali, anayekwangua mwani juu ya mawe kutwa nzima. Mtunze katika kundi la 15 au zaidi katika tangi la lita 400, maana wakiwa wachache mmoja huwatesa wenzake hadi kufa. Utumbo wake ni mrefu kwa ajili ya majani. Ukimpa nyama, minyoo au chakula chenye mafuta, tumbo hufura na kundi zima laweza kuisha kwa siku chache. Mlishe spirulina, mwani wa jamii ile ile inayowalisha flamingo wa Natron na Bogoria, pamoja na mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto. Mpe kidogo, mara kadhaa kwa siku.

Sasa fikiria biashara yake. Jike la Tropheus hutaga mayai machache tu, mara nyingi yasiyozidi 15, na kuyatunza mdomoni mpaka watoto waweze kuogelea. Samaki hawa hawavuki mchanga wala midomo ya mito. Kundi la mwamba mmoja hubaki mwamba huo. Ndiyo maana kila kipande cha pwani kina rangi yake: huku mkanda wa manjano, kule mwekundu, mbele kidogo mweusi mtupu. Wakusanyaji duniani hutaka rangi ya mahali fulani hasa, na kadiri mahali penyewe palivyo padogo ndivyo bei inavyopanda. Mzamiaji mwenye wavu anaweza kuumaliza mwamba kama huo, na haujazwi na samaki wa jirani. Kwa samaki wa aina hii msimamo wangu ni mmoja: nunua waliozaliwa kwenye tangi. Wapo, na wanazoea chakula upesi kuliko wa ziwani.

Hali kadhalika frontosa, yule mwenye nundu kichwani na mistari mipana. Anaishi kwenye kina kirefu, hukua polepole kupita sentimita 30, na humchukua miaka kadhaa kuanza kuzaa. Akipandishwa haraka kibofu chake cha hewa huvimba na kumuumiza, hivyo wazamiaji waangalifu humpandisha kwa hatua, wakimwacha kwenye kizimba cha wavu katikati ya njia. Wasio waangalifu humtoboa kwa sindano. Muuzaji asiyeweza kukueleza jinsi frontosa wake alivyopandishwa usimlipe.

Sisemi biashara ya Kigoma ifungwe. Mvuvi mwenye leseni, anayechagua kwa wavu wa mkono na kuhamahama, ana sababu ya kutaka mawe yabaki safi, na ziwa lina adui mkubwa zaidi yake: milima iliyokatwa miti, ambayo udongo wake hushuka na mvua na kufunika mawe yanayoota mwani. Kuna mashamba madogo ya kuzalishia samaki wa mapambo katika nchi zetu. Yakipata wanunuzi wa hapa hapa, yataongezeka.

Maji kwanza, samaki baadaye

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 100, pamoja na kioo, mchanga na mawe, linapita kilo 130, kwa hiyo meza ya kahawa haifai. Liweke mahali pasipopigwa na jua, karibu na soketi, na karibu na mahali pa kumwagia maji, kwani utayabadilisha kila wiki.

Jua maji yako. Ya chemchemi za milimani na ya mvua kwa kawaida ni laini: sabuni hutoa povu upesi, na neoni, kadinali na beta huyapenda. Ya visima vya pwani, vilivyochimbwa kwenye jiwe la matumbawe, ni magumu na pengine yana chumvi. Yakiwa magumu bila chumvi, umepewa bure maji yanayokaribiana na ya Tanganyika, ambako kipimo cha pH huwa karibu 9. Mwenye maji laini anayetaka samaki wa Tanganyika aweke mawe ya chokaa na, ikibidi, soda ya kuokea kidogo kidogo huku akipima. Asitumie magadi, kwa sababu yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Na asiende kuokota matumbawe ufukweni.

Maji ya bomba yana klorini. Yaweke kwenye ndoo iliyo wazi kwa siku nzima, ukiwa na pampu ndogo ya hewa inayoyatibua, au tumia dawa ya kuondoa klorini kutoka dukani.

Sasa sehemu inayoua samaki wengi kuliko ugonjwa wowote. Samaki hutoa amonia kwa kinyesi na kwa matamvua yake. Amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao hukaa kwenye sifongo la chujio, kwenye mchanga na juu ya mawe, na huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha. Tangi jipya, hata maji yaking'aa, halina bakteria hao. Ndiyo maana samaki walionunuliwa siku moja na tangi hufa wiki ya pili, na mwenye nyumba akadhani kauziwa wagonjwa.

Fanya hivi. Jaza maji, washa chujio, weka joto la nyuzijoto 26 hivi, na tia chembe chache za chakula cha samaki kila siku zioze. Pima amonia na nitriti. Vitapanda, kisha vitashuka. Vikifika sifuri na kubaki sifuri, tangi liko tayari. Kama una rafiki mwenye tangi la siku nyingi asiye na ugonjwa, mwombe kipande cha sifongo lake lililotumika, kiweke ndani ya chujio lako, na muda utapungua sana. Huna vipimo? Anza na samaki wawili, lisha kidogo mno, na badilisha sehemu ndogo ya maji kila siku mbili kwa mwezi mzima. Mwenye tangi la Tanganyika awe mwangalifu zaidi, maana pH ikiwa juu sehemu kubwa ya amonia huwa katika hali ile yenye sumu kali. Kosa ambalo beta angelivumilia kwenye maji laini litamuua Tropheus usiku mmoja.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Kila wiki toa robo ya maji kwa mpira, ukinyonya uchafu wa mchangani, na urudishe maji yaliyolazwa yenye joto lile lile. Sifongo likamuliwe ndani ya maji uliyotoa kwenye tangi, kamwe si chini ya bomba, kwa kuwa klorini huwaua bakteria uliowasubiri mwezi mzima. Lisha kile kinachokwisha kwa dakika mbili. Mkate na ugali si chakula cha samaki.

Umeme ukikatika, usilishe. Chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu kila baada ya muda ili yapate hewa, au uwe na pampu ya betri, ambayo si ghali. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiwashe chujio moja kwa moja. Bakteria waliokosa hewa humo wameanza kufa na maji yake ni machafu. Lisuuze kwanza kwa maji ya tangi. Pwani, joto likipita nyuzijoto 30, ondoa kifuniko, elekeza feni juu ya maji na ongeza hewa. Nyanda za juu, nunua hita, takribani wati moja kwa kila lita.

Siku ya kununua

Samaki wa biashara husafiri kwa njaa. Huachwa siku moja au mbili bila chakula ili wasichafue maji, hufungwa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, kisha kwenye boksi la povu hadi uwanja wa ndege. Wengi hupita kwenye vituo vikubwa kama Singapore kabla ya kufika kwako. Samaki aliyewasili dukani jana hajulikani kama atapona. Muulize muuzaji amekuja lini, na kama hajamaliza wiki, rudi baadaye. Mwambie amlishe mbele yako. Asiyekula usimchukue, wala aliye kwenye tangi lenye maiti, hata yeye mwenyewe akiwa mzuri.

Ukifika nyumbani acha mfuko uelee juu ya maji ya tangi kwa dakika 15, kisha ongeza maji ya tangi ndani yake kidogo kidogo kwa nusu saa. Mchukue samaki kwa neti. Maji ya duka yasiingie. Ukiweza, mtenge kwenye tangi dogo kwa wiki mbili au tatu.

Bahari isubiri

Samaki wengi wa maji baridi madukani wamezalishwa mashambani. Wa baharini, kinyume chake, karibu wote wamevuliwa porini, na pwani ya Kenya ni mojawapo ya sehemu wanakotoka. Kwa nyavu ndogo na subira, mwamba hauumii sana. Ufilipino na Indonesia, hata hivyo, zimeumia kwa sianidi: wavuvi hunyunyiza sumu kwenye matumbawe ili samaki alewe, matumbawe hufa, na samaki mwenyewe mara nyingi hufa wiki kadhaa baadaye kwenye tangi la mtu asiyejua sababu.

Kuna wa baharini ambao ningeomba usinunue hata ukiwa na pesa. Samaki-vipepeo wanaokula matumbawe hai hufa njaa kwenye tangi. Yule mdogo mwenye mstari mweusi anayewasafisha wenzake wadudu hukosa kazi na chakula, na mwamba alikotolewa hubaki na samaki wachache na wenye wadudu zaidi. Kardinali wa Banggai, anayetoka kwenye visiwa vichache karibu na Sulawesi, amehesabiwa miongoni mwa viumbe vilivyo hatarini tangu 2007. Dume hubeba mayai mdomoni, watoto hawapeperushwi mbali na mkondo, na visiwa vikimalizwa hakuna pa kuagiza wengine, isipokuwa wale waliozalishwa kwenye matangi. Farasi-bahari na matumbawe magumu biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, kwa hiyo dai karatasi.

Anayependwa na watoto tangu filamu ya Finding Nemo ya 2003 ni afadhali, kwa kuwa huzalishwa kwa wingi. Muulize muuzaji kama wako amezaliwa tangini, na umnunue huyo.

Kobe na aksoloti

Yule kobe wa maji mwenye alama nyekundu shavuni, ukubwa wa sarafu anapouzwa, ni wa bonde la Mississippi. Atafika sentimita 25, ataishi miaka 30 au zaidi, na anaweza kubeba salmonela. Marekani yenyewe ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza walio chini ya sentimita 10. Hata hivyo, kati ya 1989 na 1997 zaidi ya kobe milioni 52 walisafirishwa nje kutoka huko. Wengi walipokua waliachwa mtoni na kuwabana kobe wenyeji, na Umoja wa Ulaya ukafunga mlango mwaka 1997. Usimnunulie mtoto zawadi ya siku ya kuzaliwa ambayo itamzidi umri wa kukaa nyumbani.

Aksoloti, salamanda wa majini, ni wa mifereji ya Xochimilco, Mexico City. Aksoloti 34 walifika Paris mwaka 1864, na ukoo wake wa mabwawani ukaenea duniani. Kwao walihesabiwa takribani 6,000 kwa kilomita ya mraba mwaka 1998; kufikia 2014 walibaki 36. Anataka maji ya nyuzijoto 16 hadi 18, ambayo kwa wengi wetu ni gharama ya umeme isiyoisha.

Asirudi majini

Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko mengine yote. Samaki, konokono au mmea wa tangi usimwachie mtoni, bwawani wala ziwani, hata kama unadhani unampa uhuru, hata kama ni wa nchi hii hii. Magugu maji yaliyofunga bandari za Ziwa Viktoria miaka ya 1990 ni mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu ya maua yake mazuri kwenye mabwawa ya watu. Kamba mwenye madoa aliyegunduliwa kwenye matangi ya Ujerumani katika miaka ya 1990 huzaa bila dume. Akafika Madagaska, ambako sasa amejaa mashamba ya mpunga. Katika Ziwa Nyasa, wafanyabiashara walihamisha samaki wa mawe kutoka upande mmoja wa ziwa hadi kisiwa cha Thumbi Magharibi ili wawavue kwa urahisi, na wageni hao wakachanganyika damu na wenyeji. Ukiishi Kigoma usipeleke samaki wa kusini kaskazini. Ukiishi Mwanza usipeleke wa Kigoma.

Mwanza inajua gharama ya mgeni mmoja. Sangara aliingizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960, si kwa ajili ya matangi bali kwa kitoweo, na makadirio ni kwamba spishi kama 200 za furu, sikilidi wadogo wa ziwa hilo, zilitoweka. Baadhi ya furu leo wanaishi kwenye matangi ya hifadhi na wafugaji wa Ulaya na Marekani peke yake, wakizalishwa na watu waliokataa kuwachanganya. Mfugaji anayeandika jina, mahali na ukoo wa samaki wake anafanya kazi ya maana, na wewe unaweza kuifanya kwa Neolamprologus wako kuanzia siku ya kwanza: daftari moja, tarehe, na alikotoka kila mmoja.

Ukihama nyumba au ukichoka, anza kutafuta wa kuwapokea mwezi mmoja kabla: mfugaji mwenzako, shule yenye tangi, au duka lililokuuzia. Aliyekufa mzike mbali na maji. Mimea ikaushwe juani hadi iwe majani makavu, kisha ichomwe au itupwe kwenye shimo la taka. Maji ya tangi mwagilia migomba au mchicha, kamwe si mtaro unaoelekea mtoni. Ndoo, neti na mpira vianikwe vikauke kabisa kabla havijaguswa na tangi jingine.